Muulize Bi Pazia: Nani Yuko Nje ya Dirisha?

Toleo lililopita niligusia kwa mstari mmoja tu zile filamu za watu waliokwama ghorofani na adui wasiyemwona. Nikajitafutia kazi. Barua zimemiminika hadi mjukuu wangu, anayenisomea zile za simu, akadai alipwe. Nimechagua saba. Kwa wageni wa ukurasa huu: mie niliuza tiketi za sinema Unguja nikiwa msichana, kisha nikakodisha kanda za video Upanga mpaka sidii zikanifilisi. Filamu sikuzisomea popote, nimezitazama tu. Na yule bwana wa Jangwani aliyeondoka na kanda zangu mbili mwaka 1999, bado namkumbuka.

Shikamoo Bi Pazia. Niliona kibanda umiza hapa Mbagala filamu ya Wazungu wanaopigwa risasi ndani ya ghorofa na mtu aliye nje. Umeme ukakatika haijafika nusu, na mwenye kibanda hela hakurudisha. DJ aliita "Ghorofa la Kifo". Jina lake hasa ni lipi? Na kwa nini wale watu hawakuzima taa wakashuka ngazi, mambo yakaisha?
*Fundi viti, Mbagala*

Marahaba mwanangu. Ma-DJ wetu hubatiza filamu kama shangazi anavyobatiza watoto wa ukoo, jina la cheti hakuna anayelijua. Kwa maelezo yako hiyo ni *Tower Block*, ya Uingereza, ya mwaka 2012. Waliiongoza wawili, James Nunn na Ronnie Thompson, na mwandishi ni James Moran. Yule dada mwenye roho ngumu, Becky, ni Sheridan Smith. Yule kijana mjuvi anayewatoza majirani hela za "ulinzi", Curtis, ni Jack O'Connell.

Kwa kuwa uliingia katikati, ngoja nikupe ulichokosa, maana bila hicho unabaki na milio ya risasi tu. Jengo lile linangoja kubomolewa. Wapangaji wote wameshahamishwa isipokuwa wa ghorofa ya juu kabisa, waliobaki huko kama nguo zilizosahaulika kwenye kamba. Usiku mmoja mvulana anakimbizwa mpaka kwenye korido yao na watu waliofunika nyuso. Anapigwa pale pale, mbele ya milango ya watu, mpaka anakufa. Milango yote imefungwa. Anayefungua ni Becky peke yake, naye anapata kipigo chake. Polisi wanapokuja kuuliza, hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Miezi inapita. Asubuhi moja watu wako na chai zao, risasi zinaanza kuingia madirishani.

Sasa swali lako la taa. Asubuhi taa ina kazi gani? Na ngazi unazotaka washuke zimetegwa, kama ungekaa umeme usingekatika ungeona. Kimbilio lao ni ile korido ya ndani, kwa sababu haina dirisha. Hapo ndipo mie niliposimamisha filamu nikaenda kuchemsha maji. Watu walewale waliokataa kutoka koridoni mvulana anakufa, leo hawana pa kukaa ila koridoni hiyohiyo, wamebanana bega kwa bega, wanatazamana. Mwandishi hakuhitaji kumweka mtu awahubirie. Amewatoa tu kule nyuma ya milango yao, akawakalisha palipolala maiti.

Nani aliyekuwa anapiga? Sikwambii. Nenda kwa mwenye kibanda umdai nusu yako.

Bi Pazia, mwalimu wetu wa fizikia anasema kwenye filamu za wadunguaji mtu angeanguka kwanza, ndipo mlio usikike. Mbona kwenye filamu nyingi vinakuja pamoja?
*Kidato cha nne, Mwanza*

Mwalimu wako yuko sahihi, mpelekee salamu. Sauti hewani hutembea kama mita 340 kwa sekunde. Risasi ya bunduki ya masafa huondoka na mwendo unaozidi hapo mara mbili, pengine zaidi. Chukua mtu aliye mita 400: risasi inamfikia kwa nusu sekunde na ushei, mlio wa bunduki unafika sekunde moja imeshapita. Katikati ya hapo kuna mlio mwingine, ule mwaliko mkali kama fimbo iliyokatika, unaotokana na risasi yenyewe kuipita sauti njiani. Masikio huukamata huo kwanza. Ndiyo maana watu hugeuka kutazama upande ambao mpigaji hayupo. Ongeza maghorofa mengine pembeni yanayorudisha mwangwi, hapo hata askari mzoefu anahangaika.

Kwa hiyo mtunzi anaposema wakaaji hawajui wanapigwa kutoka wapi, hapo hadanganyi. Uongo mkubwa ni kile kiwambo cha sauti kinachofanya bunduki iseme "pyu" kama mtu anayetema mbegu ya chungwa. Kiwambo hupunguza kishindo, lakini ule mwaliko wa risasi angani unabaki palepale. Zamani nilikuwa nikiwaambia wateja wangu hivyo, wakaniuliza nimejulia wapi. Nilijulia kwa mpangaji mwenzangu aliyestaafu jeshini, aliyekuwa akikodi kanda ili azikosoe tu.

Dada, mimi ni wa Mombasa ila naishi London mashariki mwaka wa kumi na tisa sasa, ghorofa ya kumi na moja. Hizi filamu zinaniudhi. Kila jengo la serikali ni la wezi, walevi na watu wasiojuana. Kwetu mtu akifiwa, lifti nzima inanuka pilau ya matanga. Mbona hawatuonyeshi hivyo?
*Mama wa watatu, London*

Nimeisoma barua yako mara mbili, na ya pili nilisoma kwa sauti. Una haki ya kuudhika.

Watengeneza filamu wanayapenda majengo yale kwa sababu mbili, na moja tu ndiyo ya heshima. Ya kwanza ni bei. Mtaa ukishahamishwa watu kungoja kubomolewa, unapata seti kubwa kwa hela kidogo. Mtaa wa Heygate, kule Elephant and Castle hapo London, ulipigwa picha mno wakati wenyeji wake wanaondolewa. Hata *Attack the Block* ya mwaka 2011, ile ya vijana na viumbe kutoka angani, sehemu yake imepigwa pale. Ukizitazama hizo filamu zikifuatana, unaona madirisha yanazidi kuzibwa kwa mbao. Filamu inasema "hapa hapafai watu", kumbe watu wameondolewa ndipo kamera ikaingia.

Sababu ya pili ni umbo lenyewe. Mengi ya majengo yale yalijengwa baada ya Vita vya Pili, haraka haraka, kwa vipande vya zege vilivyokuja vimeshakatwa. Huko huko mashariki kwenu, tarehe 16 Mei 1968, mpangaji wa jengo la Ronan Point, lenye ghorofa 22, aliwasha jiko la gesi alfajiri apike chai. Gesi ilikuwa imevuja. Mlipuko ukasukuma ukuta, na kona nzima ya jengo ikaporomoka kutoka juu mpaka chini kama karata. Walikufa watu wanne. Yeye mwenye chai akapona. Jengo lilikuwa jipya, wapangaji hata pazia wengine hawajatundika. Basi mtunzi wa filamu ya kutisha anapotafuta mahali ambapo mtu anaweza kufa akiwa kwake, London imeshampa.

Na kuna jingine ambalo unalijua kuliko mimi. Moto wa jengo la Grenfell, huko huko London, usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni 2017. Ghorofa 24, ngazi moja. Moto ulianzia kwenye friji, ghorofa ya nne, muda mfupi kabla ya saa saba usiku. Watu waliambiwa wabaki ndani ya nyumba zao, kwa sababu ndivyo majengo yale yalivyotarajiwa kufanya kazi: moto ukae nyumba moja, majirani wasubiri. Agizo hilo halikubadilishwa mpaka saa nane na dakika 47. Wakati huo moto ulikuwa umeshapanda nje ya jengo, kwenye yale mabamba yaliyovishwa ukutani wakati wa ukarabati ili lipendeze na lishike joto. Walikufa watu 72, na mwaka 2024 ripoti ya mwisho ya uchunguzi ikatoka, mwenyekiti wake akasema vifo vyote vile vingeweza kuepukwa. Unaona adui alikuwa wapi? Hakuwa na darubini wala bunduki. Alikuwa amepigiliwa misumari nje ya madirisha yao.

Lakini ilikuwa Ramadhani. Katika habari za siku zile kitu kilichonishika ni kwamba waliokuwa macho wakingoja daku walipita wakigonga milango ya majirani. Hiyo korido ndiyo unayoisema wewe. Mtu akiipiga filamu, mie nitakaa kiti cha mbele, na pilau ya matanga iwemo.

Bi Pazia, hadithi ya majirani kunyamaza imetokana na kisa cha kweli cha New York: watu 38 walitazama dirishani msichana akichomwa kisu, hakuna aliyepiga simu. Nimekifundisha miaka ishirini. Ungekitaja.
*Mwalimu mstaafu, Morogoro*

Mwalimu, kwa heshima zote, umekifundisha kama kilivyoandikwa, na kiliandikwa vibaya.

Kitty Genovese aliuawa tarehe 13 Machi 1964 usiku wa manane, Kew Gardens, mtaa wa Queens, akirudi nyumbani kutoka kazini. Wiki mbili baadaye *New York Times* likatoa habari kwamba watu 38 walitazama kwa zaidi ya nusu saa bila kuita polisi. Dunia nzima ikaibeba. Wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, wakaanza majaribio yao, na mwaka 1968 wakaonyesha kwamba mtu akijua wengine nao wanasikia, hukawia kusaidia. Hilo limebaki. Kile kisa ndicho kilichochakaa.

Waliochunguza upya walikuta kwamba walioona kitu cha kueleweka ni wachache sana. Mmoja alipiga kelele dirishani, na mshambuliaji akakimbia. Akarudi baadaye, akamfuata binti nyuma ya jengo, ndani ya kiingilio cha ngazi, ambako madirisha yale yote ya hadithi hayafiki. Na jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka mbio bila kujua kama muuaji bado yupo, akamshika mikononi mpaka msaada ulipofika. Katika habari ile ya kwanza mwanamke huyo hayumo. Mwaka 2016, muuaji alipofia gerezani, gazeti lenyewe likakiri kwamba taarifa yake ilikuwa na kasoro. Kumbuka pia kwamba mwaka ule namba moja ya dharura haikuwapo Marekani. Ya kwanza, 911, ilianza 1968 katika mji mdogo wa Alabama.

Alikuwapo pia mtu aliyefungua mlango wake, akaona, akafunga. Huyo ni wa kweli. Mmoja anatosha kutunyima usingizi, sijui kwa nini walihitaji 38.

Assalamu alaikum Bi Pazia. Kwa nini sisi hatuna filamu ya namna hii? Au kwetu hakuna adui wa kujificha?
*Mpemba wa Magomeni*

Waalaikumu ssalamu. Mpemba ndiye unayeniuliza mie habari za adui wa kujificha! Au 1995 ulikuwa hujazaliwa?

Mwanzoni mwa mwaka ule nilikuwa nakaa kwa mama mdogo Michenzani, katika yale majumba marefu ya zege yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Ghorofa ya nne. Habari za Popobawa, yule shetani wa mabawa, zilianzia kwenu Pemba, zikavuka maji. Anavyofanya sitaandika hapa, gazeti hili linasomwa na watoto. Inatosha kusema kwamba huja usiku, huingia palipofungwa, na mlango wala komeo havimzuii. Mie siwaambii muamini au msiamini. Nawaambia nilichoona.

Watu walihama vyumbani. Jioni ya kwanza niliona mkeka mmoja chini, karibu na mdomo wa ngazi. Ya pili, mikeka saba. Ya tatu hapakuwa na pa kukanyaga: magodoro, mito yenye foronya za harusi, chandarua kimefungwa kwenye nguzo ya kuanikia, bibi mmoja kaja na jiko lake la mkaa kabisa. Muuza kahawa, ambaye saa tatu huwa kashafunga, alikaa mpaka alfajiri, na sijawahi kuona vikombe vikigongana namna ile. Watoto walidhani ni sikukuu.

Nyumba iliyotazamana na yetu aliishi fundi saa. Mtu mkimya, hatukujua hata ana kwao wapi. Ukimwamkia anaitika kwa nyusi. Usiku ule wa tatu alishuka wa mwisho kabisa, na kiti cha kukunja na tochi ya betri tatu. Hakulala. Akaketi penye mdomo wa ngazi, na kila mwanamke aliyetaka kupanda juu kwenda haja alimmulikia, ngazi baada ya ngazi, mpaka asikie mlango. Kisha anauliza kutoka chini, "Umefika?" Lazima ujibu. Usipojibu anapanda. Kwa siku tisa nilijibu "Nimefika" kwa mtu ambaye kwa miaka miwili sikumjua jina. Nilimwuliza siku ya nne. Sitalitaja, hakupenda kutajwa.

Sasa tazama. Katika filamu ya London adui anawafungia watu ndani. Kwetu adui aliwatoa nje. Lakini masharti yao ni mamoja. Wanaomjua Popobawa wanasema aliyevamiwa sharti awaambie watu. Akinyamaza kwa aibu, anarudiwa. Na yule mdunguaji wa kwenye ghorofa anawarudia nani? Walionyamaza. Niligundua hilo nikiwa nimeshika birika, siku ile niliposimamisha filamu, na mpaka leo nashangaa mtu wa London na bibi wa Chake Chake, Pemba, wamefikaje mahali pamoja.

Wala nisiipake sukari. Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, watu walikuwa wanatazamana vibaya tayari, na mjini Unguja kundi lilimuua mtu asiye na hatia, mgonjwa wa akili, kwa kudhani ndiye. Anayetaka kutengeneza filamu yetu aanzie kwenye mikeka, lakini asiikwepe maiti ile. Watu waliolala bega kwa bega kwa upendo, asubuhi yake waliweza kushika mawe. Hiyo ndiyo inayonitisha, kuliko mabawa.

Habari Bi Pazia. Naandika hadithi ya wapangaji wa ploti ya ghorofa saba Pipeline, Nairobi. Kuna mtu anawapiga risasi kutoka jengo la mbali. Rafiki yangu anasema haishawishi. Nimrekebishe wapi mshambuliaji wangu?
*Mwandishi chipukizi, Embakasi*

Rafiki yako mpe soda. Mie Pipeline nimefika mara moja, kumtembelea mpwa wangu, na kilichonishangaza ni kwamba mchana wa saa sita aliwasha taa. Dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, na ukuta huo ningeweza kuugusa kwa mwiko. Sasa mdunguaji wako wa mita 400 atapenyeza risasi wapi? Ataona nguo zilizoanikwa tu.

Umeazima adui wa mji mwingine. Mdunguaji anahitaji uwazi, viwanja vya majani kati ya majengo, kama walivyopanga Wazungu. Pipeline haina uwazi, ina msongamano. Kwa hiyo adui wako awe karibu mno. Jiulize jengo lile linaishi kwa nini. Kwa geti moja la chuma linalofungwa saa tano usiku. Kwa ngazi moja ambayo watu wawili wenye mitungi ya maji hawapishani. Kwa tenki la juu ya paa. Kwa tokeni za umeme. Anayeshika ufunguo wa geti na vali ya maji hahitaji bunduki, ameshawazingira. Na ambaye hamwoni si kwa sababu yuko mbali, ila kwa sababu hamumtazami: anayefagia ngazi, anayekusanya kodi kwa niaba ya mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Kama unataka kujifunza kwa bingwa, tazama *Rear Window* ya Hitchcock, 1954. Alijenga uwanja mzima wa nyumba ndani ya studio ya Paramount, nyumba 31, akamfunga mtu mmoja kwenye kiti na mguu wenye plasta. Katika uwanja ule mbwa mdogo anauawa, na mwenye mbwa anasimama juu anawalilia majirani kwamba hawajui maana ya neno jirani. Wote wanajitokeza madirishani. Dirisha moja halina mtu, kuna giza na ncha nyekundu ya sigara tu. Utakuwa umejua muuaji ni nani bila kuambiwa.

Na kabla ya yote, nionyeshe deni. Wapangaji wako wamemfanya nini mtu, au wamemnyima nini? Katika kurasa zako kumi ulizonitumia wote ni watu wema mno. Mmoja wao lazima awe amezima taa ya korido siku fulani ili asionekane kwamba yuko nyumbani.

Shikamoo mama. Sijui kama swali langu linahusu filamu. Niliitazama hiyo ya London baada ya kusoma safu yako, na tangu siku hiyo silali vizuri. Nyumba ya juu yangu, hapa Sinza, wanaishi mke na mume. Kila Ijumaa usiku nasikia anapigwa. Kiti kinaanguka, halafu kimya, halafu maji yanafunguliwa muda mrefu. Mwenye nyumba anasema mambo ya ndoa hayaingiliwi. Mimi ni mpangaji tu, naishi peke yangu. Nifanyeje?
*Binti wa ghorofa ya pili*

Marahaba mwanangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya nichelewe kumpelekea mhariri ukurasa huu.

Hayo maji nayafahamu. Ni ya kunawa uso.

Kwanza, usipande peke yako kelele zikiendelea. Hiyo si kazi ya msichana mmoja na ndala zake. Ijumaa ikifika uwe umeshazungumza na jirani mwingine, hata mmoja, wa mkabala nawe au wa chini. Nina hakika naye anasikia. Zege letu halifichi siri. Huenda anangoja mtu aanze, kama wewe unavyongoja. Kisha mkagonge pamoja, na msiseme lililowapeleka. Ombeni chumvi. Semeni bomba linavuja kwenu. Mlango ukifunguliwa, kelele imekatika, na yule dada ameona kwamba kuna watu.

Pili, mtafute mchana, Jumanne au Jumatano, mume akiwa kazini. Mpelekee kitu, hata visheti. Usimwulize "anakupiga?" Mwambie tu, "Mie nakaa chini yako, nasikia vizuri sana." Atakuelewa. Asipokujibu mara ya kwanza usikasirike, wala usiache kumsalimia. Mwandikie namba yako mahali ambapo si kwenye simu.

Tatu, vituo vikubwa vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Wewe unaweza kwenda, si lazima aende yeye, wala huhitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Nenda na tarehe. Anza leo kuandika kwenye daftari: Ijumaa ya tarehe fulani, saa fulani, kiti, kimya, maji. Usiku mkiona maisha yake yako hatarini, pigeni 112, msingoje Jumatatu.

Namba ya mhariri iko mwisho wa ukurasa, na yangu anayo. Jumamosi asubuhi niandikie. Hata neno moja.